Mtoto tumemzika, kwenye takwimu hayumo: kichaa cha mbwa Dodoma kinahesabiwa na nani?

#1 Jembe la Haneti (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi tumemzika mtoto wa jirani yangu, miaka 9, huku kwetu Chamwino. Wiki sita nyuma aling'atwa na mbwa ambaye hakuna aliyemfahamu, wakati anarudisha mbuzi zizini. Jeraha lenyewe dogo, alama mbili za meno juu kidogo ya kiganja. Mama yake akapaka chumvi na mafuta ya taa. Kesho yake wakaenda zahanati, mtoto akachomwa sindano ya pepopunda, wakaambiwa chanjo ya kichaa cha mbwa mpaka mjini. Baba akasema atauza mbuzi apate nauli na hela ya dozi. Kidonda kikakauka, mbuzi hakuuzwa.

Wiki iliyopita mtoto akaanza kusema mkono unawasha palepale palipokwisha kupona. Ikaja homa. Siku ya tatu nikaitwa nikasaidie kumshika. Nilimkuta mama ameshika kikombe cha plastiki cha bluu, maji nusu. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeomba maji. Kikombe kikikaribia mdomo koo linaruka, anakisukuma, analia, halafu anaomba tena. Mtu akifungua mlango, ule upepo tu ukimgusa anashtuka mwili mzima.

Msibani wazee wanasema malaria imepanda kichwani. Wengine wanasema karogwa. Alifia nyumbani, hakuna karatasi yoyote, tukazika siku ileile.

Swali langu: huyu mtoto atahesabiwa wapi? Kichaa cha mbwa kimo kwenye orodha ya magonjwa ya kutolewa taarifa. Kwenye kata yetu huyu ni wa tatu ninaowakumbuka mimi. Nimemuuliza mtu wa zahanati, ananiambia kwenye taarifa zao ni sifuri. Nani anakosea hapa?

#2 Zabibu Kavu

Poleni sana. Nimesoma hapo kwenye kikombe nikashindwa kuendelea. Nafuatilia uzi.

#3 Sista wa Zamu

Pole mkuu. Mimi ni nesi wa zahanati ya kijijini, mwaka wa 11 sasa, siyo wilaya yako. Nakujibu kwa ninachokifanya kila siku.

Mtoto alipokuja mara ya kwanza aliandikwa kwenye rejesta ya wagonjwa wa nje, MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) namba 5. Mhudumu anaandika anachokiona: jeraha. Akishaandika "jeraha", mwisho wa mwezi huyo mtoto anajumlishwa na waliojikata panga na walioanguka na bodaboda. Akiandika "kung'atwa na mbwa", hapo ndipo anaingia kwenye magonjwa ya ufuatiliaji. Tofauti ni maneno mawili matatu. Na wakati mwingine hata kuyapata ni kazi. Mama anafika anasema "mtoto kaumwa", unauliza kaumwa nini, anakujibu "mkono". Nje kuna foleni ya kliniki ya watoto na uko peke yako.

Kuhusu kifo, mtoto akifia nyumbani hajafika kwangu. Taarifa za haraka tunatakiwa kuzituma ndani ya saa 24, za wiki kila Jumatatu, na hata kama huna mgonjwa unatuma sifuri, kwa sababu kituo kilichonyamaza na kituo kisicho na mgonjwa ni vitu viwili tofauti. Kwa hiyo yule wa zahanati yenu hajadanganya. Sifuri yake ni ya waliovuka mlango wake. Watu wakiisoma huko juu wanadhani ni sifuri ya kijiji kizima.

#4 Gunia Mbili Kibaigwa

Sista umeeleza vizuri lakini umezunguka. Tatizo ni hela, basi.

Mimi niling'atwa 2019, mguuni. Dozi moja nilitoa elfu 30, nikarudi mara tatu, weka nauli, weka kulala kwa shemeji. Gunia mbili za mahindi zilikwenda hapo, na ndiyo asili ya jina langu humu. Siku ya kwanza pale dirishani tulikuwa wanne. Kaka mmoja wa Pandambili akauliza bei, akasema "nakuja". Hakurudi. Sasa wanaochanjwa ndio wanaandikwa. Yule kaka aliandikwa wapi?

Na watu bado wanaogopa zile sindano 14 za tumboni.

#5 Sista wa Zamu

@Gunia Mbili za tumboni zimeachwa zamani. Sasa hivi ni mkononi, begani: siku ya kwanza (inahesabiwa siku ya 0), siku ya 3, siku ya 7, na kuendelea kadiri watakavyokuandikia. Naomba tusiirudie hiyo habari ya tumboni, kuna mtu atasoma hapa aache kwenda.

#6 Bwana Mifugo Mstaafu

Mbukwenyi!

Nimekaa na mifugo miaka 30, Mpwapwa na Kongwa. Mnaongelea kitabu cha afya peke yake, kumbe kuna vitabu viwili. Binadamu yuko kwenye kitabu cha afya, mbwa yuko kwenye kitabu cha mifugo, na hivyo vitabu havikutani.

Nesi anapokea mtu aliyeng'atwa, kumpigia afisa mifugo hampigii, kwa sababu namba yake hana au vocha hana. Mimi nasikia kuna mbwa amepigwa mawe akafa, nafika siku ya tatu, ameshafukiwa au ameliwa na fisi. Bila ubongo wa mbwa maabara haithibitishi kitu. Ukiwahi kuupata unakata kichwa kwa tahadhari kubwa, unakifunga, unatafuta barafu, unatafuta usafiri mpaka maabara ya mifugo. Barafu na mafuta ya pikipiki ni ya kwako. Nimefanya hivyo mara nne kwenye maisha yangu ya kazi, na mara zote nne nilijua kuna mbwa wengine kadhaa niliowakosa.

Ng'ombe akifa napigiwa simu muda uleule, maana ng'ombe ni mali. Mbwa akifa hakuna anayenitafuta.

#7 Hoja Kinzani

Poleni na msiba, mleta mada.

Ila niulize swali ambalo litawaudhi baadhi yenu. Tuna uhakika gani kwamba vifo ni vingi hivyo? Kuna utafiti wa 2002, ulitoka kwenye jarida la Shirika la Afya Duniani, ndio kila mtu anaunukuu: vifo 1,499 kwa mwaka Tanzania, na kwamba vinaweza kuwa mara 100 ya vinavyoandikwa. Ukiusoma wote, utaona utafiti huohuo ukitumia takwimu za kitaifa za watu walioumwa na wanyama unapata 193. 193 na 1,499 ni mbali kama Dodoma na Bukoba. Ninachosema ni kwamba tusiishike namba kubwa kwa sababu tu inatusisimua.

Malaria nayo inaua watoto, na malaria ya kichwani inaleta degedege na kuchanganyikiwa. Wazee msibani huenda wamekosea, huenda wamepatia.

#8 Jembe la Haneti

@Hoja Kinzani nimeshika mikono ya yule mtoto. Malaria haimfanyi mtu aogope upepo wa mlangoni.

#9 Mwana Chimwaga

Hoja Kinzani namba zako ziko sahihi, sikukatalii. Ila tuzielewe zilivyopatikana. Wale hawakuhesabu makaburi. Walichukua watu walioumwa na mbwa wanaodhaniwa kuwa na kichaa, wakaangalia wameumwa wapi mwilini (kichwani ni hatari kuliko mguuni), wakaangalia wangapi walipata chanjo, ndipo wakakadiria wangapi watakuwa wamekufa. Ile 1,499 imetoka pale ambapo watafiti waliwafuata walioumwa wenyewe, 193 imetoka kwenye takwimu zilizoripotiwa. Kwa hiyo hiyo tofauti unayoishangaa ndiyo yenyewe tunayoizungumzia humu. Namba ndogo imezaliwa na vitabu vya akina Sista.

Na kuhusu malaria, Blantyre, Malawi walifanya kazi moja nzuri sana, ikachapishwa 2007. Walichukua wagonjwa 26 waliokufa wakiwa wameandikiwa malaria ya ubongo. Walipopima baada ya kifo, watatu kati yao walikuwa na kichaa cha mbwa. Na hapo ni hospitali kubwa yenye madaktari. Sasa fikiria zahanati yenye kipimo cha malaria cha haraka peke yake. Mtoto anaweza kuwa na vijidudu vya malaria kwenye damu na bado kinachomuua ni kingine. Kipimo kikionyesha mistari miwili, kesi imefungwa.

#10 Hoja Kinzani

Hiyo ya Malawi sikuijua, asante. Lakini bado mmechukua makadirio ya sehemu chache mkayatandaza nchi nzima. Mbwa wa Mara, wa Dodoma na wa Mtwara siyo wengi sawa na hawachanjwi sawa. Naendelea kushika shaka yangu mpaka nione ya hapa kwetu.

#11 Mwana Chimwaga

Ya hapa kwetu itapatikanaje kama haiandikwi?

#12 Bucha la Zamani

Mimi niwakumbushe 2007, Homa ya Bonde la Ufa, ule ugonjwa wa mifugo unaompata na binadamu. Dodoma ilikuwa kati ya mikoa iliyopigwa sana. Bucha langu lilikaa na nyama siku mbili nikaitupa, hakuna mteja anayesogea. Wataalamu walimiminika, magari mpaka vijijini. Kuanzia Januari mpaka Juni walihesabu washukiwa 511 katika mikoa 10, waliothibitishwa maabara 186, waliokufa 144.

Kwa nini ile ilihesabiwa? Kwa sababu iligusa nyama na biashara, na watu wa mjini waliogopa. Kichaa cha mbwa kinamuua mtoto wa mchungaji Haneti, nani wa mjini atakosa usingizi? Na hata ile iliyohesabiwa kwa nguvu zote, angalieni, kati ya 511 maabara ilithibitisha 186 tu.

#13 Kisima cha Bahi

@Bucha umesema jambo. Ongeza na 2016, Chemba na Kondoa. Watu walikuwa wanasema ugonjwa wa ajabu, macho ya njano, tumbo linajaa, familia moja wanaumwa wote. Kumbe sumukuvu (sumu ya ukungu) kwenye mahindi. Nadhani uligundulika kwa sababu ulipiga nyumba nzima kwa pamoja. Kichaa kinachukua mmoja leo Haneti, mwingine baada ya miezi minane Mvumi. Hakuna anayeunganisha.

#14 Sista wa Zamu

Sumukuvu siyo ya kuambukiza @Kisima, lakini hoja yako ya mmoja mmoja naikubali. Kipindupindu kikija watu 10 usiku mmoja, hata asiyetaka kuripoti ataripoti.

#15 Kobe Mwendo

Mimi nijuavyo mtu akiumwa na mbwa ni siku 40. Zikipita siku 40 bila kitu umepona, nenda kaendelee na shughuli zako. Na mbwa tu ndio wana hicho kichaa.

#16 Bwana Mifugo Mstaafu

Kobe, yote mawili siyo kweli, na la kwanza linaua. Mara nyingi ni miezi miwili mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja na inaweza kufika mwaka. Kwa hesabu yako, wa miezi mitatu angekuwa ameambiwa amepona zamani.

Pia paka, mbweha, fisi, hata punda na ng'ombe wakishang'atwa wanaweza kuwa nacho. Mwaka mmoja Mlali niliitwa kwa punda aliyekuwa anajing'ata mwenyewe miguu ya mbele mpaka mfupa unaonekana. Mwenye punda alikuwa amemfungua mdomo kwa mikono mitupu amtazame kama kuna mfupa umemkwama kooni. Ni kweli kwamba binadamu karibu wote wanaokufa wameambukizwa na mbwa, lakini usiseme mbwa tu.

#17 Kobe Mwendo

Nimekuelewa mzee. Hiyo ya siku 40 niliambiwa na babu.

#18 Gunia Mbili Kibaigwa

Kobe siku 40 umechanganya na arobaini ya mwizi 😀

#19 Mama Mlenda

Mmetaja hela, vitabu, maabara, mjini. Kuna kitu hamjakigusa. Watu wanaficha.

Kwetu shangazi alikufa 2011, dalili ni hizihizi za kuogopa maji. Mbwa alikuwa wa jirani. Ukisema ni mbwa wa fulani, hiyo ni kesi, ni fidia, ni kugombana na watu mtakaozikana nao. Walikaa kwa mtendaji wakayamaliza kimyakimya, yule jirani akatoa ndama, na sharti lilikuwa lisisemwe. Baadaye ikatafutwa sababu ya kusemwa: mama mzee mmoja akaambiwa ndiye mchawi. Yule bibi alihama kijiji. Kwa hiyo kifo kimoja hakikuandikwa, na mtu mwingine akapoteza nyumba.

Halafu hospitali nazo zina sehemu yake. Shangazi alipelekwa, daktari alipoona maji yanamshtua akatuambia ukweli, kwamba akishafika hapa hakuna dawa, mrudisheni akafie kwa watoto wake. Alitusaidia kwa moyo mwema kabisa. Ila tulitoka pale kabla hajalazwa, na asiyelazwa haandikwi kama amefia hospitali.

#20 Mwana Chimwaga

Mama Mlenda hiyo inaniuma. Na kumbuka kuna wengine hawaogopi maji kabisa. Karibu mmoja kati ya watano wanapooza polepole kuanzia palipong'atwa, wanatulia tu mpaka wanakufa. Hao hata familia haiwezi kushuku mbwa. Wanaandikwa kiharusi, au kurogwa, au haijulikani.

#21 Hoja Kinzani

Hapa kwa Mama Mlenda nimenyamaza. Lakini naona kila mmoja ana sababu yake na zote haziwezi kuwa kubwa sawa. Kama ni bei, chanjo ikiwa bure tatizo la takwimu litakwisha? Kama ni kuficha, bure haitasaidia kitu.

#22 Gunia Mbili Kibaigwa

Bure wangekuja wengi, wangeandikwa wengi. Simpo.

#23 Sista wa Zamu

Wangekuja wengi na ningeandika "jeraha" nyingi zaidi, kama hakuna anayenifundisha tofauti. Mimi kwa mafunzo nimeshaitwa mara moja tu. Na niseme jambo ambalo wenzangu hawalisemi. Ukiripoti mgonjwa wa haraka, kesho yake ni simu. Wilaya, mkoa, umechukua sampuli? ulimfuatilia? mbwa yuko wapi? Mbwa nitamjuaje mimi? Anayeandika sifuri hapigiwi. Watu wanachoka.

#24 Punje ya Uwele

Samahani wakuu, nimesoma kuanzia mwanzo. Hakuna aliyeuliza hili: yule mbwa alimng'ata nani mwingine siku ile?

#25 Bwana Mifugo Mstaafu

Punje umetuzidi wote. Mleta mada jibu haraka.

#26 Jembe la Haneti

Nimetoka kuuliza nyumba kwa nyumba. Mbwa alipita kwanza kwa bibi mmoja upande wa korongoni, alikuwa anaanika uwele. Alimkwaruza kwenye mguu na jino likapita kidogo. Hakwenda zahanati kwa sababu damu ilikuwa kidogo. Bibi ni mzima kabisa, amenipa togwa. Wiki sita zimepita, je, bado inafaa?

#27 Sista wa Zamu

Inafaa! Hata miezi ikipita, kama dalili hazijaanza chanjo inatolewa. Mpeleke kesho asubuhi, usingoje mnada. Waambie wazi "aling'atwa na mbwa na mwenzake aliyeng'atwa na mbwa huyohuyo amefariki". Sema hivyo hivyo neno kwa neno. Uliza na kingamwili, ile kinga ya kuchoma kwenye kidonda mbali na chanjo, huenda haipo, lakini uliza.

Na kwa wengine wote wanaosoma: siku ya kwanza ni maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili. Siyo mafuta ya taa, siyo chumvi, siyo pilipili.

#28 Bwana Mifugo Mstaafu

Na mbwa au paka aliyeng'ata kama yupo hai, msimuue. Mfungeni siku 10 mumwangalie. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa anaambukiza siku aling'ata. Lakini mtu aanze chanjo huku mnangoja, asisubiri mbwa. Nimempigia afisa mifugo aliyepo kata yenu, mleta mada, ataanza kuuliza habari za huyo mbwa na wengine aliogombana nao.

#29 Zabibu Kavu

Tupo wangapi humu? Nauli ya bibi naanza na elfu 10. Mleta mada nitumie namba inbox.

#30 Gunia Mbili Kibaigwa

Natoa dozi moja. Ya yule kaka wa Pandambili.

#31 Kobe Mwendo

Elfu 5 kutoka kwangu.

#32 Jembe la Haneti

Wakuu, tumerudi sasa hivi. Alhamisi hii bibi amepata dozi ya kwanza. Kingamwili hawakuwa nayo. Michango imetosha dozi mbili na nauli, ya tatu tunatafuta.

Nilisimama pale mezani wakati anaandikwa. Kijana aliyekuwa na rejesta ni mpole, hana tatizo. Akaandika jina, umri, kijiji, na kwenye utambuzi akaandika "jeraha mguu". Nikamwambia kaka, tafadhali, ni mbwa. Akanitazama, akakata kwa mstari mmoja, akaandika juu yake "kung'atwa na mbwa". Nikamuuliza habari ya mtoto, kwamba alikufa na mbwa ni huyohuyo. Akasema hana pa kumwandika, hakufia pale, niende zahanati ya kijiji. Zahanati wakasema rejesta ya mwezi ule imeshafungwa na taarifa zimeshakwenda, niende kwa mtendaji. Mtendaji yuko semina mpaka Jumanne.

Sasa la haraka: siku ya 3 ya bibi inaangukia Jumapili. Pale dirishani mmoja kaniambia Jumapili wanachoma, mwingine kasema njoo Jumatatu. Nishike lipi?

#33 Sista wa Zamu

Jumapili. Ingia upande wa dharura, nenda na kadi yake. Na Jumanne nikumbushe nikueleze cha kumwambia mtendaji.